Nani Aliyesema Turudi?

Gereji ya baiskeli, chumba cha nyuma
4 Machi

Kwako Dada, mtawala wa pasi zote,

Pokea salamu ambazo zimeshanyooka, huna haja ya kuzipiga pasi. Mimi ni mzima. Kama kuna ugonjwa huku, basi uliniona ukaona haya ukapita. Mama mwambie shati alilonishonea linanibana mabega. Mabega yanakua, ni yeye tu hataki kukubali.

Kazi iko. Nimelala humu ndani na rimu kumi zinaning'inia juu ya kichwa, na harufu ya gundi ya viraka ndiyo manukato yangu. Bosi amenikabidhi funguo za duka. Hakuniambia kwa nini, lakini mwenye macho anaona.

Sasa jambo lako. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea bosi, akacheka hadi spana ikamponyoka. Hebu nirudie nione kama nimeelewa. Huyo bwana anayetengeneza meno ya bandia, jirani wa kazini kwako, amekuposa. Wazee wake wanasubiri jibu. Na wewe, badala ya kusema ndiyo au hapana kama binadamu wengine, umesikia kwamba likizo yake ya Aprili anataka kuvuka Mgongo, ile njia ya juu milimani, kwa baiskeli, ukaona heri nimsindikize. Nimtazame akichoka, akiwa na njaa, akipotea njia. Nikuandikie yote. Halafu ndipo ujibu.

Dada, wewe ulipaswa kuwa polisi.

Na eti niandike, nisipige simu, kwa sababu kwenye simu nakukatiza. Sawa. Karatasi haikatizi, ila na yenyewe itachoka.

Nimekubali. Umechagua mtu hasa. Barabara ya Mgongo naijua kama kiganja changu, na miguu yangu unaijua. Tayari nimeng'oa ile gia ndogo ya mbele kwenye baiskeli yangu, ile ya kupandia taratibu, tunayoiita gia ya bibi. Uzito wa bure. Fundi Meno akifika nitamng'olea na yake. Shemeji simwiti kwanza, mpaka useme.

Mdogo wako, fahari ya ukoo


Nyumbani
22 Machi

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na anasema mabega hayajakua, ni shati limerudi kwa sababu unalifulia maji ya moto. Mimi sijambo. Kazini mashine moja ya mvuke imeharibika, kwa hiyo shuka za hoteli nzima tunazipiga kwa mkono, na chumba cha pasi kimekuwa jiko. Wenzangu wanashinda na vitambaa vibichi shingoni. Yule jirani aliyekuwa akikupigia miluzi, mtoto wake ameota jino la pili.

Nisikilize. Rudisha hiyo gia. Mimi si fundi, lakini aliyeitengeneza baiskeli hakuiweka pale kwa urembo.

La pili. Usiniandikie kwamba ukoo wetu haurudi nyuma. Maneno hayo uliyaandika kwenye kadi ya sikukuu, ukayaandika kwa Mama siku ya kumbukumbu ya Baba. Mimi sitaki kuyasoma tena.

La tatu. Kuna kitu kimoja ninachokitafuta kwa huyu bwana. Sikuambii ni kitu gani, maana ukikijua utakipika na kunipakulia. Wewe andika unachokiona tu. Akikoroma, andika. Akigombana na mtu kwa ajili ya kikombe cha chai, andika. Nimewahi kuchumbiwa na mtu mtamu sana akiwa ameshiba. Unamkumbuka.

Mtunze. Na yeye nimemwambia akutunze.

Dada yako


Nyumba ya wageni ya chini
15 Aprili

Dada,

Salamu kutoka kwenye baridi. Pua yangu sijaipata tangu asubuhi, ila naamini ipo. Mama asijali, nimevaa soksi jozi mbili, moja miguuni na moja mikononi.

Taarifa ya kwanza ya mpelelezi wako. Mtu ni mrefu, mwembamba, masikio yamesimama kama mikono ya kikombe. Hakoromi. Anapiga mswaki kwa muda ambao mimi ningefunga tairi mbili. Tulikutana na mbuzi njiani, badala ya kumkwepa akamtazama mdomo, akasema, "Huyu mzee, magego yake yamekwisha." Nikamuuliza kama atampa kadi ya kliniki. Akasema mbuzi hawalipi.

Kwa hiyo mzaha anaujua. Andika hilo.

Baiskeli yake nilimwomba nimng'olee gia ya bibi. Akaweka mkono juu ya fremu kama mtu anayezuia mlango. "Yangu iache," akasema. "Mimi bibi yangu nampenda." Barua yako nami nilikuwa nimeshaipata, ila gia nilikuwa nimeshamuuzia mtu. Basi.

Kupanda kumeanza. Barabara inajikunja kama utumbo, kila kona unadhani ni ya mwisho, ukiifika inakucheka. Mimi nakanyaga nikiwa nimesimama juu ya pedali, natangulia, namngoja konani nikiimba. Yeye amekaa, miguu inazunguka haraka haraka kama cherehani, baiskeli inakwenda kama konokono. Anafika, hahemi, ananipa maji. "Kunywa kabla ya kiu," anasema. Kama kasuku.

Kwenye kuteremka ndiyo usiseme. Kuna bonde katikati, unashuka kabla ya kupanda tena. Mimi niliachia. Upepo ukaingia kifuani ukatokea mgongoni. Yeye alitia magazeti ndani ya shati kuukinga, akashuka kwa kubana breki na kuachia, kubana na kuachia, na katikati akasimama kabisa, akagusa rimu kwa kidole. Eti zikipata moto sana tairi linapasuka. Hilo nalijua, mimi ndiye fundi. Lakini kusimama mbele ya watu! Wachunga kondoo walikuwa wanatutazama. Niliona aibu kwa niaba yako.

Mama mwenye nyumba hii ni mtu wa maneno machache na supu nyingi. Alituambia tulale hapa siku mbili, mwili uizoee hewa, kwa sababu juu ni nyembamba na wanaotoka tambarare inawapiga kichwani. Fundi Meno akakubali hapo hapo, akaanza kuvua viatu. Nikamwambia, "Bwana, usiku wa kwanza ni wa mgeni, wa pili ni wa mgonjwa. Wewe ni yupi?" Akavua kiatu cha pili. Nikamwambia kama anaogopa aseme, nitamwandikia dada yangu kwa mwandiko mzuri.

Basi kesho tunapanda. Umeona? Ukimbana kidogo anafuata.

Mpelelezi


Nyumba ya wageni ya chini, tena
19 Aprili

Dada,

Salamu. Mimi mzima.

Tumerudi chini. Fundi Meno alichoka. Tulilala nyumba ya juu usiku mmoja, asubuhi tukaanza kupanda kipande cha mwisho, na Mgongo ukiwa unaonekana kabisa, hata nguzo iliyosimama pale juu unaiona, bwana mkubwa akasema basi. Nilimbembeleza. Nilimwambia kona tano tu. Kagoma.

Dari ya nyumba ya juu ni ya mbao, na ina ubao mmoja umepinda kama mguu wa mbwa, na kuna doa la maji lenye umbo la birika. Nakuambia tu ujue nyumba zenyewe zilivyo.

Dada, nasema kwa uchungu, huyu si mwenzetu. Miaka yote anaota kuvuka, ramani ameikunja hadi imechanika kwenye mikunjo, halafu mlango upo mbele yake anafyata mkia. Wewe fanya utakavyo. Mimi nimeandika nilichokiona, kama ulivyotaka.

Mkono wangu umechoka kwa baridi ndiyo maana herufi zinalewa.

Mdogo wako


Nyumbani
8 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima, magoti yanamsumbua kidogo ila kelele anazo. Mashine ya mvuke imetengenezwa. Sasa inatoa sauti ya ndege mkubwa, tunazungumza kwa ishara.

Barua yako ya pili ya safarini nilimsomea Mama. Akasema, "Kumbe mwanamume mwenyewe legelege." Mimi nikaichukua nikaenda kuisoma peke yangu uani.

Sasa nitakuambia nilichokuwa nakitafuta, maana umeshaandika na huwezi kukipika tena. Ulikuwa mdogo siku ile ya mto. Umekua ukiambiwa Baba alikuwa dereva shujaa ambaye lori lake halikurudi nyuma. Mimi nilikuwa mkubwa, nilikuwepo utingo wake alipokuja kutueleza. Alisema maji yalikuwa yamefunika daraja, malori mengine yote yamesimama, madereva wanapika chai. Alimwambia, "Mzee, tusubiri." Baba akamwambia ashuke kama anaogopa. Utingo akashuka. Ndiyo sababu yeye ndiye aliyekuja kutueleza.

Mimi siwezi kukaa na mtu wa namna hiyo, nikawa kila jioni nasikiliza mlango. Natafuta mtu anayeweza kukiona anachokitaka, kiko pale, akageuka.

Kwa hiyo barua yako ya kumsengenya ilinifurahisha kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Lakini nina swali. Umesema alichoka. Mtu aliyeishiwa nguvu hakurudi, amerudishwa. Hata Baba angelala kama angechoka. Nataka kujua, je, alikuwa anaweza kuendelea? Na ni nani hasa aliyesema turudi?

Yeye nimemuuliza. Amejibu, "Tulirudi, hali ya juu haikufaa." Nikamuuliza nani aliamua, akaanza kunieleza habari za mawingu.

Wazee wake wanangoja. Nijibu kweli.

Dada yako


Gereji
27 Mei

Kwako Dada,

Salamu zangu ni nyingi, mgawane wewe na Mama, magoti yake yapakwe mafuta. Huku kumechangamka. Nimefunga tairi la baiskeli ya mkuu wa shule nikiwa nimefumba macho, watoto wakapiga makofi.

Nimesoma uliyoandika kuhusu Baba. Utingo huyo mimi sikumjua. Sitasema zaidi.

Sasa hilo swali lako. Kumbe kurudi ndiko kunakosifiwa siku hizi! Ungesema mapema. Basi chukua kalamu uandike vizuri, aliyesema turudi ni mimi. Ndiyo, mimi. Niliona hali, nikapima, nikatumia akili. Nikamwambia, "Bwana, hapa tugeuze." Yeye alikuwa na nguvu kama punda wa kinu, angeweza kuvuka na kurudi na kuvuka tena. Macho yalikuwa yamemtoka kwa hamu ya kuiona ile nguzo. Ni mimi niliyemshika mkono. Kule kuandika kwamba alichoka kulikuwa heshima tu, sikutaka kujisifu.

Kwa hiyo kama ni mtu wa kugeuka unamtaka, umekaa naye nyumba moja tangu azaliwe. Sifa zangu zisipewe mtengeneza meno.

Mdogo wako, mwenye busara


Nyumbani
13 Juni

Wewe,

Mama hajambo. Mimi hali yangu utaiona hapa chini.

Mara ya kwanza alichoka. Mara ya pili ana nguvu za punda na macho yamemtoka. Mara ya kwanza ulimbembeleza aendelee, mara ya pili ulimshika mkono arudi. Ndugu yangu, uongo ukiwa mmoja unaficha. Ikiwa miwili inasutana.

Sijawahi kukuona ukigeuza kitu maishani mwako, hata shati ulilovaa nje ndani. Kwa hiyo nimezisoma tena barua zako zote mezani, moja kando ya nyingine. Mtu mwenye afya haandiki habari za dari. Dari anaijua aliyelala chali macho wazi.

Nadhani uliumwa. Hilo hata halinitishi sana, umepona. Kinachonitisha ni hili. Ikiwa wewe ulikuwa unaumwa, na yeye alikuwa na nguvu, na macho yamemtoka kwa hamu kama unavyosema, hadi ikabidi mgonjwa ndiye aombe warudi, basi huyo ni Baba mwingine. Tena mbaya zaidi, kwa sababu Baba angalau alimruhusu utingo ashuke.

Nimekwisha kumwambia Mama jibu ni hapana. Jumapili ya kwanza ya Julai atakwenda kwa wazee wake kuwaeleza kwa heshima. Sikuandikii kwa hasira. Nimekwisha kulia, nimekwisha kunawa uso, kesho nina zamu ya asubuhi.

Dada


Gereji
25 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, posta ni kobe. Mzuie Mama asiende. Mfiche viatu kama lazima.

Haya. Sikiliza, na Mama asisomewe.

Kule nyumba ya juu usiku sikulala. Kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo kwa ndani, na nikifumba macho napumua kama samaki kwenye ndoo. Asubuhi nilitapika nyuma ya nyumba, nikajipangusa, nikaingia nikasema niko fiti. Fundi Meno akanitazama midomo. Si unajua kazi yake. Akasema, "Midomo yako ni ya bluu. Leo tunakaa." Nikamcheka, nikapanda baiskeli nikaondoka, ikambidi anifuate.

Bila ile gia ndogo nilikuwa kama napanda ngazi na gunia. Nikaanza kwenda upande upande. Mara ya kwanza nikaanguka, nikasema ni kokoto. Mara ya pili hapakuwa na kokoto.

Ndipo alipopita mbele yangu, akashuka, akailaza baiskeli yake katikati ya barabara, akakaa chini mbele yake. Akasema, "Turudi."

Dada, nilimtukana. Siandiki nilivyomtukana, karatasi hii ina adabu. Nilimwambia ni mwoga, meno yake yote ya bandia pamoja na moyo. Nilimwambia sisi ukoo wetu, na yale mengine ambayo hutaki kuyasoma. Na ile nguzo ilikuwa pale, anaiona. Yeye alikuwa mzima kabisa. Angeweza kunikalisha kwenye jiwe akapanda, akaigusa, akarudi kunichukua. Hata mimi nilimwambia hivyo, mwenyewe, kwa mdomo wangu. "Nenda, nikungoje."

Akasema, "Tukana huku unashuka."

Sikuweza kuendesha. Baiskeli yake haina keria, yangu inayo. Basi akaiacha ya kwake, Dada, ile nyekundu anayoipangusa kwa kitambaa cha miwani, akaiegemeza nyuma ya jiwe. Akanikalisha kwenye keria yangu, akanifunga kwake kwa mkanda wa mizigo kama mtoto, na magazeti yake akanitia mimi kifuani. Akashuka kwa kubana na kuachia. Kila kona alikuwa anaita jina langu, nisipojibu anasimama. Hakusimama nyumba ya juu ila kuchukua mizigo tuliyokuwa tumeiacha ije na gari. Tulishuka mpaka kwa yule mama wa supu, na huko kichwa kikaanza kufunguka kama mtu amelegeza nati.

Kesho yake alipata lifti kwenda kuichukua baiskeli. Haikuwepo. Akarudi na chupa yake ya maji tu, ilikuwa imeachwa kwenye jiwe. Nikamuuliza, akasema, "Aliyeichukua ana kiu ya baiskeli, si ya maji." Hajaitaja tena.

Nilimwomba asikuambie. Nikamwambia aseme alichoka yeye. Akafikiri sana, akasema, "Kusema uongo siwezi. Kunyamaza naweza." Ndiyo hayo mawingu aliyokueleza. Alikuwa ananitunza mimi.

Hakuna wakati hata mmoja macho yalipomtoka. Hilo nililipika.

Sasa ukimkataa, mkatae kwa masikio yake. Usimkatae kwa mdomo wangu.

Mdogo wako


Nyumbani
10 Julai

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Hajasomewa, lakini ananiuliza kwa nini nilificha kiatu chake kimoja ndani ya pipa la unga, na mpaka leo sijapata la kumwambia.

Barua yako ililetwa Jumamosi alfajiri na dereva wako, anasema ulimtisha. Kiatu nikakificha hapo hapo, nikaenda kazini. Nilimaliza zamu, nikavua aproni, nikaenda kwenye karakana ya meno bila kupita nyumbani. Alikuwa mezani, ameshika taya la plasta mkononi, analisugua kwa brashi ndogo. Sikumwambia nimeandikiwa. Nilimuuliza tena, "Kule juu, mdogo wangu aliumwa?"

Akaliweka taya chini. Akasema, "Mdogo wako ni hodari sana wa kupanda."

"Na kushuka?"

"Kushuka alinisaidia. Aliongea njia nzima."

Nikamuuliza kuhusu baiskeli. Akasema ilikuwa na uzee wake. Nikamwambia awaambie wazee wake wasimsubiri Mama kesho, kwamba jibu nimelileta mwenyewe, na jibu ni ndiyo.

Alitazama mlangoni, akatazama lile taya, akaniomba maji ya kunywa. Nikammiminia kutoka kwenye birika lake. Akanywa gilasi yote akiwa amesimama, akaomba nyingine, ndipo nikajua amesikia.

Dada yako